Obokano ya Tata Inakatika

Jumapili, 26 Septemba 1999

Leo Tata ameketi bila kuinuliwa.

Tangu kiharusi kimpige baba yangu mwezi wa Aprili na kuua mkono wake wa kushoto, amekuwa akilala akielekea ukuta, na uji tunamnywesha kwa kumbembeleza kama mtoto. Leo ameketi kwa sababu amejisikia akicheza.

Vikram ndiye aliyefanya hivyo. Ni mtoto wa Mzee Yashwant, mwenye duka la redio na spika pale mjini Kisii. Mwaka jana, Tata akiwa bado mzima, Vikram alikuwa akimwita dukani, anamketisha kwenye stoo ya nyuma na obokano yake, kile kinubi chetu kikubwa, anamrekodi. Mimi nilidhani ni mchezo wa kijana asiye na kazi. Leo amefika hapa Kiogoro na kompyuta ya kupakata na spika moja, akaiweka kwenye meza yetu ya kulia chakula. Muziki wa Tata ameukata vipande vinane, kila kipande na kitufe chake. Akibonyeza, obokano inanguruma: nyuzi zote nane, mkono wa kulia na wa kushoto pamoja.

Tata aligeuka. Ulimi bado mzito. "Nani huyo?"

"Ni wewe, Tata."

Akasikiliza mpaka mwisho. "Huyo mtu," akasema, "mkono wake wa kushoto ni mzuri."

Sikujua kama nicheke ama nilie. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha majani chai mgongoni, bado hajakitua. "Mkono wa mtu hauwekwi ndani ya sanduku," akasema kwa Ekegusii, akazunguka akaenda jikoni. Vikram aliniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema karibu chai.

Jumatano, 29 Septemba

Mvua juu ya mabati siku nzima. Kidato cha pili hawakunisikia neno, nikawaachia insha. Tata amemaliza uji mwenyewe.

Jumapili, 3 Oktoba

Onchiri amekuja kutoka Nyamira. Yeye ndiye mwenyekiti wa siku ya ngoma za jadi, itakayokuwa Jamhuri Dei kule Nyamira. Kila mwaka Tata ndiye hufungua. Onchiri alizungukazunguka, akaulizia mvua, akaulizia chai, mwishowe akasema, "Sasa, mzee wangu, obokano itakuwepo, ama nitafute yule mchezaji wa Tabaka?"

Tata aliinua ule mkono mzima. "Nitakuja."

"Utakuja kufanya nini?" Mama akamuuliza.

"Kuketi."

Ndipo nikasema mpango ambao mimi na Vikram tumekuwa tukiupika. Tata aketi jukwaani na obokano mbele yake. Mimi niimbe nyimbo zake. Nimezijua tangu utotoni. Vikram abonyeze vitufe nyuma yetu, akinifuata. Kwanza tutajaribu kwenye harusi ya binamu yangu hapa Kiogoro. Onchiri alikuna kidevu. Alisema sawa, lakini hataki aibu.

Mama alikusanya vikombe kabla Onchiri hajamaliza chake. Zamani, kabla hawajabatizwa, Tata alikuwa akichezea obokano kwenye pombe za watu, anarudi asubuhi, na Mama hajawahi kuisamehe ile ala. Naona hata sasa anaionea haya. Mumewe amekufa nusu, na bado anahesabu dhambi za obokano.

Alhamisi, 7 Oktoba

Mazoezi darasani baada ya vipindi. Sikutegemea, lakini Vikram anajua. Hapigi tu kama mtu anayewasha redio. Anaangalia mabega yangu. Nikivuta pumzi, kipande kinaingia. Nikikawia, anakawia.

Mara moja sauti ilikatika. Kama mtu aliyepatwa na kwikwi: ilikuwepo, ikatoweka, ikarudi.

"Ni waya," Vikram akasema.

Jumapili, 10 Oktoba

Waya mpya. Imekatika mara mbili.

Jumapili, 17 Oktoba

Nitaandika yote, maana nikiyaacha kichwani sitapata usingizi.

Harusi ilikuwa uwanjani kwa akina Omwenga, nyumbani kwa binamu yangu, chini ya hema, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Tulimbeba Tata na kiti chake. Amevaa koti lake la kahawia, kanyolewa vizuri. Tulimwekea obokano mbele ya magoti, jinsi alivyozoea, na Mama akaketi karibu naye upande wa mkono mzima, kwa sababu alisema kama ni lazima aende basi hatakwenda peke yake.

Tulipoanza, watu walinyamaza. Wengi hawajasikia obokano miaka mingi, na wachache waliijua sauti hii. Nilisikia mwanamke mmoja akisema, "Ni Manasseh." Bibi harusi alikuwa akilia tayari. Nikaingia ubeti wa kwanza nikaona, Mungu wangu, inawezekana.

Ikakatika. Nikaendelea kuimba. Ikarudi, imeruka mbele, mimi niko nyuma. Nikaikimbilia. Ikakatika tena. Halafu ikaanza kukatikakatika mfululizo, ta-ta-ta, kama meno ya mtu mwenye homa, na spika ikatoa mlio mmoja mkali mpaka watoto wakaziba masikio. Niligeuka nikamwona Vikram ameinama, jasho linamtiririka, anabonyeza na hakuna kinachotoka.

Kimya. Sekunde chache tu, lakini hema nzima ilikuwa ikimtazama Tata ameketi na ala yake, kama kwamba yeye ndiye aliyeshindwa.

Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akasema kwa sauti, "Huyu mzee amekufa mara ya pili."

Walicheka. Si wote. Lakini walicheka, na Tata alisikia. Nilimwona akiiangalia mikono yake, mmoja uliolala pajani, mwingine umeshikana na wa Mama.

Tulimrudisha nyumbani mvua ikianza. Vikram alitaka kuomba msamaha, akafungua mdomo, Mama akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe enda tu. Enda."

Jumatatu, 18 Oktoba

Tata ameelekea ukuta.

Jumatano, 20 Oktoba

Nilienda dukani baada ya shule. Mzee Yashwant aliniletea stuli akaniambia kijana wake hajala vizuri tangu Jumapili. Vikram alikuwa stoo, kompyuta imefunuliwa, ameizungushia nyaya.

"Mwalimu, ni stima," akasema kabla sijasalimia. "Kule kwa harusi walikuwa wanatumia jenereta. Inapanda, inashuka. Nimepata stabilaiza ya kuituliza."

Tukajaribu. Ikakatika.

Akachomoa kabisa ili itumie betri yake. Ikawa mbaya zaidi. Alichunguza mpaka akagundua kwamba kompyuta ikiwa kwenye betri hujibana matumizi. Inapunguza mwendo wake, na ile diski inayoshika muziki hulala isipoguswa kwa muda. Ukiibonyeza inachelewa kuamka, na hapo sauti inakatika. Akazima ule usingizi.

Ikapungua. Haikwisha.

Jumapili, 24 Oktoba

Stoo tena. Leo adui ni programu zinazojiamsha zenyewe: ile picha inayojichora kwenye kioo ukiiacha, ile inayotafuta virusi, ile inayoangalia saa. Kila moja inataka kidogo cha akili ya kompyuta, na obokano inanyang'anywa. Vikram amezizima moja moja. Ninaanza kuuheshimu uvumilivu wake. Mimi ningeshairusha barabarani.

Ubeti mzima bila kukatika. Wa pili ukakatika mahali palepale pa harusi. Nimeanza kupaogopa hapo kabla sijafika. Naharakisha nipapite, na hata kama sauti ingekuja, mimi tayari nimeharibu.

Jumatatu, 25 Oktoba

Tata amekataa uji.

Alhamisi, 28 Oktoba

Vikram anasema vipande vya muziki vilikuwa vimetawanyika diskini, huku kidogo, kule kidogo, na kompyuta inakimbia kuviokota. Ameiacha ivipange upya siku nzima. Jioni hii tumepitia wimbo wote mara tatu. Haikukatika! Aliruka akagonga kichwa kwenye rafu. Jumapili tutaileta nyumbani.

Sabato, 30 Oktoba

Nyanchwa, kanisani. Niliomba kwa ajili ya kompyuta. Sijui kama inaruhusiwa.

Jumapili, 31 Oktoba

Mama hakutaka. Nilimwambia imetengenezwa. Akasema basi ataketi na Tata kama siku ile, na kama imetengenezwa tutaona.

Tulimgeuza Tata. Hakukataa wala hakukubali. Nikaimba. Mvua ilikuwa imeacha kidogo na mlango ulikuwa wazi. Ubeti wa kwanza, wa pili. Tulipita pale mahali, salama. Nikamwona Tata ameinua kidevu. Ubeti wa tatu nikauchelewesha kidogo, jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiuchelewesha, na Vikram akaharakisha vidole anifuate, vipande viwili karibu karibu, na ikakatika.

Nilisimama. Nilimgeukia Vikram nikasema maneno ambayo mwalimu hatakiwi kusema. Halafu nikamgeukia Mama, maana nilijua atasema nilikwambia, na nikamtangulia. "Haya, furahi. Wewe tangu mwanzo ulitaka ishindwe. Unaionea haya obokano, unamwonea haya yeye."

Mama hakupandisha sauti. Alikunja mkono wa sweta yake, akaunyosha mkono wake mbele yangu.

Ulikuwa na alama. Nyekundu, mpya, na chini yake nyingine za manjano zinazoisha, za harusi.

"Kila ikikatika ananishika," akasema. "Anafikiri ni yeye. Anafikiri kile kitu cha Aprili kimempiga tena. Wewe uko mbele unaimba, huoni uso wake. Mimi naona." Akashusha sweta. "Sikatai obokano, Nyanchera. Nimelala karibu na hiyo obokano maisha yangu yote. Nakataa afe kila Jumapili."

Vikram hakuelewa maneno, lakini aliuona mkono. Alifunga kompyuta polepole, akaketi ameishika mapajani kama mtu aliyeshika kitu cha wizi.

Nimekuwa mwanawe miaka ishirini na sita, na nilidhani namjua.

Jumanne, 2 Novemba

Nimegombana na Vikram vibaya.

Alinisubiri nje ya lango la shule. "Mwalimu, kuna kitu nataka kusema. Najua dawa yake."

"Umeijua lini?"

Akaangalia lango la shule. "Kabla ya harusi."

Nilitaka kuondoka. Alinizuia kwa maneno, siyo kwa mkono; alizungumza upesi upesi. Kompyuta, anasema, haipigi sauti moja kwa moja. Huichota mapema na kuiweka akiba kidogo, kisha inaitoa kwenye akiba. "Kama ile ndoo iko chini ya bomba yenu hapa shule. Ndoo ikiwa ndogo, maji ya bomba ikisita kidogo tu, mwanafunzi anakosa. Ndoo ikiwa kubwa, bomba inaweza kusita na hakuna mtu anajua." Akiba yetu ameiweka ndogo mno, makusudi.

"Kwa nini usiongeze?"

"Kwa sababu ikiwa kubwa, nikibonyeza leo inalia kesho." Alijaribu kucheka. "Si kesho. Lakini inachelewa. Unavuta pumzi, mimi nabonyeza, na obokano inaingia wewe umeshaanza. Haikufuati tena. Hapo si kucheza, Mwalimu, ni kuweka kaseti. Sikutaka Mzee Manasseh awe kaseti. Nilifikiri nitapata njia nyingine."

"Na Mama amekuwa akivunjwa mkono wakati unafikiri."

Aliinamisha kichwa. Alisema, "Ndiyo."

Nilimwacha barabarani. Ninapoandika hasira imepungua kidogo, na ubaya wake ni kwamba namwelewa. Hata mimi sikutaka kaseti.

Ijumaa, 5 Novemba

Mvua ya mawe. Chai ya jirani imechanika yote. Yetu nusu.

Jumapili, 7 Novemba

Akiba imeongezwa. Haikatiki. Tumeipiga stoo mpaka Mzee Yashwant akatuomba tumpumzishe, na haikukatika hata mara moja.

Na haifai. Inaingia imechelewa, kidogo tu, kama mtu anayekujibu baada ya kufikiria. Nikimsubiri, wimbo unalala. Nisipomsubiri, tunakanyagana. Vikram anajaribu kubonyeza mapema, lakini hajui nitavuta pumzi lini mpaka nivute. "Mimi nakufuata," akasema. "Sijui kukutangulia."

Onchiri ametuma salamu: yule mtu wa Tabaka yuko tayari, anangoja jibu.

Jumanne, 9 Novemba

Masahihisho ya mtihani. Tata amekula kidogo, kwa Mama tu.

Jumapili, 14 Novemba

Nilikuwa nimeamua kumjibu Onchiri kwamba hapana. Vikram alikuja na kompyuta begani kuchukua spika yake iliyobaki hapa tangu siku ile. Mama akamtengea chai, kitu ambacho hakikunipita. Akiwa anakunywa akasema, basi tuimbe mara moja ya mwisho, Mzee asikie wimbo mzima hata kama umechelewa. Alimtazama Mama, hakunitazama mimi. Mama akafikiri. Akaenda akaketi kando ya Tata, akampa mkono wake.

Nikaimba. Obokano ikaja na kuchelewa kwake. Katikati ya ubeti wa kwanza Tata akasema, "Anachelewa."

"Ni mashine, Tata."

"Anachelewa," akarudia, kwa hasira. Hasira! Tangu Aprili sijamsikia na hasira. Akautoa mkono wake mzima kwenye mkono wa Mama na kuanza kugonga mkono wa kiti. "Tera, omwana one. Tera." Imba, mwanangu.

Nikaimba, na Vikram akaacha kubonyeza ili asikilize. Tata anagonga. Ilinichukua muda kugundua ninachosikia: hakuwa akigonga pale ninapoingia. Alikuwa akigonga kabla. Sijavuta pumzi bado, kidole chake kimeshashuka, na pumzi yangu inakuja kama kwamba yeye ameiita. Nikajaribu kumkimbia, nikauchelewesha ubeti. Kidole kikangoja juu, kikashuka tena kabla yangu.

Vikram alikuwa ameweka kikombe chini. "Mwalimu, anakutangulia," akasema kwa sauti ndogo. "Anakutangulia sawasawa na vile mashine inachelewa."

Bila shaka. Ni yeye aliyenifundisha nyimbo hizi. Mwimbaji hupanda juu ya obokano. Obokano ndiyo hufungua njia. Nilikuwa nimesahau kwamba hajawahi hata siku moja kunifuata.

Vikram alibeba kompyuta, akaiweka juu ya stuli mbele ya magoti ya Tata. Akachukua kile kidole kinene chenye sugu, akakiweka juu ya kitufe cha kwanza. Akanitazama kuniomba ruhusa, nami nikamtazama Mama.

Mama akasema, "Bonyeza, tuone."

Akabonyeza.

Sitaandika kilichotokea usoni mwa Tata. Sina Kiswahili chake.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimemwandikia Onchiri: tunakuja.

Alhamisi, 18 Novemba

Siyo rahisi kama nilivyodhani Jumapili. Kidole chake ni kizito, kinakaa juu ya kitufe, na kipande kinajirudia kama mtu mwenye kigugumizi. Alipokisikia alitoa yowe, akaisukuma stuli, kompyuta ikaponea mikononi mwa Vikram. Mama alimkaripia. Walizozana kwa muda mrefu, na mimi na Vikram tukatoka nje tukasimama mvuani kama watoto waliofukuzwa.

Jumapili, 21 Novemba

Vikram ameipanga upya ili kitufe kisijirudie hata ukilala juu yake. Vitufe vyote vinane viko mstari mmoja sasa, vimebandikwa vipande vya plasta, na vingine karibu navyo amevizima. Tata anavifuata kwa mpangilio wa nyuzi zake. Anakosea. Anarudia. Anamwita Vikram "omomura oyo", kijana huyu, na Vikram anaitika.

Jumatano, 24 Novemba

Shule zimefungwa. Mazoezi kila siku. Anachoka upesi, upande wa mdomo unashuka, Mama anasema basi, na basi ni basi.

Jumapili, 28 Novemba

Wimbo mzima. Sijui kama nilipumua.

Jumapili, 5 Desemba

Onchiri amekuja kutusikiliza. Leo, kati ya siku zote, Tata amevurugika. Ameruka kipande, akasahau, akarudi. Onchiri alinivuta nje chini ya upenu wa jikoni. "Binti yangu, mimi nampenda Manasseh. Lakini nilikuwa kwenye ile harusi. Nyamira watakuwa watu wengi kuliko wale. Wakimcheka mbele ya wilaya nzima, hatarudi nyumbani mzima."

Nikamwambia amuulize mwenyewe.

Alirudi ndani akamuuliza. Tata aligonga mkono wa kiti. "Onchiri," akasema, "mwaka ule uzi wangu ulikatika mbele ya DC. Nilifanya nini?"

"Ulicheza na saba."

"Basi."

Onchiri ameondoka, lakini hakusema ndiyo. Amesema yule mtu wa Tabaka atakuwepo pia, karibu na jukwaa, kwa lolote.

Alhamisi, 9 Desemba

Nimepiga pasi koti la Tata mara mbili. Mvua.

Jumapili, 12 Desemba

Tulifika Nyamira asubuhi kwa pikapu ya Mzee Yashwant, Tata mbele, sisi nyuma chini ya turubai na spika. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai mpaka barabarani. Uwanja ulikuwa matope matupu, na watu wamejaa hivyohivyo, wamesimama na miavuli na mifuko ya plastiki vichwani. Yule wa Tabaka alikuwepo kweli, ameketi na obokano yake kando ya jukwaa. Alikuja kumsalimu Tata kwa heshima, akamshika mkono ulio mzima kwa mikono yake yote miwili.

Stima ilikuwa imepotea, wakawasha jenereta. Vikram akaweka stabilaiza katikati, akajaza betri mpaka dakika ya mwisho, akakagua usingizi wa diski, akakagua zile programu, akakagua akiba. Halafu akafanya jambo gumu kwake: akashuka jukwaani. Hakukuwa na kazi yake pale juu tena.

Tulikuwa watatu. Tata na kompyuta kwenye stuli, obokano yake imeegemea goti la upande uliokufa. Mama kando yake. Mimi mbele. Onchiri alitutaja kwa maikrofoni, na nilisikia mahali fulani kwenye umati mtu akicheka, labda kwa mambo yake mwenyewe.

Kidole kikashuka. Obokano ikatembea juu ya matope yote yale.

Ubeti wa kwanza niliuimba kwa woga tu. Wa pili nikasahau kuogopa. Tata alikuwa akinivuta; nilihisi kila pumzi imeshafunguliwa mlango kabla sijaifikia. Watu walianza kuyumba. Wazee wa mbele walikuwa wakipiga miguu chini, matope yanaruka. Tulipita pale pa harusi na sikupakumbuka mpaka tulipokuwa tumeshapita.

Ubeti wa tatu, pale wimbo unapowaita waliokufa kwa majina, nikafunga macho kidogo, nikangoja aingie.

Kimya.

Si kile kimya cha kwikwi. Kimya chote. Jenereta tu, na mvua ndogo juu ya turubai. Nilifungua macho nikamwona Vikram chini ameruka, tayari ameshika ukingo wa jukwaa apande. Nikamwona mtu wa Tabaka ameiinua ala yake magotini. Onchiri ameweka mkono kichwani. Watu wote wamenyamaza, na katika kunyamaza kule nikasikia mwanzo wa mnong'ono ule ule.

Nikageuka kumwangalia Mama, nimwangalie mkono wake.

Mkono wake ulikuwa mapajani, haujashikwa. Alikuwa akimtazama Tata, na hakuwa na hofu hata kidogo. Akamwinulia Vikram kiganja: kaa hapo.

Kidole cha Tata kilikuwa juu ya kitufe. Kimeinuliwa, hakitetemeki, kama mwewe aliyesimama juu ya shamba. Macho yake yalikuwa kwangu.

"Tera," akasema.

Nikaimba majina peke yangu. Bila kitu chini yangu. Baba yake, na kaka zake, na mtoto wa kwanza wa Tata na Mama, ambaye mimi sikumkuta. Sikujua kama sauti yangu inaweza kufika mwisho wa uwanja, ikafika. Nilipotaja jina la mwisho, na kabla sijamaliza, kidole kilishuka, na nyuzi zote nane zikaingia chini ya jina lile na kulibeba, na uwanja ukapiga kelele kiasi kwamba sikumbuki tulimaliza vipi.

Tulipomshusha, Onchiri alikuja mbio, viatu vimejaa matope. "Mzee wangu! Pole sana kwa pale katikati. Ile mashine ilikatika tena?"

Tata alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Haikukatika," akasema. "Nilinyamaza."

Jumatano, 15 Desemba

Mvua imekwisha, jua kali. Vikram yupo hapa tangu asubuhi. Tata anadai kipande cha tano kilirekodiwa vibaya, kwamba siku ile stoo kulikuwa na joto na mkono wa kushoto ulikuwa mvivu, na hataki tena kukisikia. Vikram anasema hakuna kingine, Mzee, mkono wa kushoto ni huo tu tulio nao. Wamezozana mpaka chai imepoa. Sasa Tata amemtuma alete maikrofoni. Anataka kukicheza upya kwa mkono wa kulia peke yake, na ameniita nimshikie obokano isianguke. Naenda.